Tazameni Kuanzia Sakafuni

Mwangaluka, ndugu zangu. Wazee, shikamooni. Vijana wa kule nyuma sogeeni mbele, viti vipo, na leo nitahitaji macho yenu kuliko masikio.

Wengi wenu mmeshanisikia nikilisema hili, wengine mpaka mmelichoka. Nitalirudia kwa sababu halijashika. Tunatazama vibaya video za mashindano ya dansi, zile za mume na mke wakicheza wawili-wawili: rumba, cha-cha-cha, waltz. Tunaanzia usoni, tunashuka kifuani, tukifika kiunoni tumeridhika. Miguu hatuioni. Na mtu aliyetazama rumba bila kuiona miguu hajaiona rumba, ameona nguo.

Nianze na sabufa. Nina kikundi cha vijana tunaofanya mazoezi mtaa wa Kirumba, hapa Mwanza, jioni, watu wakishafunga biashara. Siku moja nikawawekea fainali ya rumba, jozi za daraja la juu kabisa. Picha iko kwenye simu, sauti nimeirusha kwa Bluetooth kwenye sabufa ya jirani. Haijafika dakika, binti mmoja, ambaye kwa kushika mapigo sijaona wa kumshinda pale, akasema, "Mwalimu, huyu dada hayuko kwenye muziki." Mwenzake akamuunga mkono. Wakaanza kupiga makofi kufuata ngoma ili na mimi nione. Kweli kabisa: mguu unatua, halafu ndipo kofi linalia. Kila hatua. Bingwa anawahi muziki kama mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Kikundi kizima kikacheka, kisha kikaanza kusema maneno mabaya: wamenunua ushindi, majaji wamekula, mambo ya Wazungu.

Nikachomoa ile sauti, nikachukua spika ndogo ya waya, nikarudisha video mwanzo. "Pigeni makofi tena." Wakapiga. Kofi na mguu vikatua pamoja. Kimya.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo watu wanaponikatiza kwamba napoteza muda na vifaa. Sauti isiyopita kwenye waya huchelewa. Inaweza kuchelewa robo sekunde, na kuna spika zinazozidi hapo. Programu nyingine za simu hujitahidi kuisubirisha picha, nyingine hazijali. Mtu anayesikiliza mahubiri hatajua. Lakini chukueni cha-cha-cha: inachezwa kwa mapigo kama 120 hadi 128 kwa dakika, yaani pigo moja ni karibu nusu sekunde. Na ile "cha-cha" yenyewe, hatua mbili za haraka, kila moja inachukua nusu ya pigo. Nusu ya nusu sekunde ni nini? Ni robo. Ucheleweshaji wa spika yako ni sawasawa na hatua nzima ya mchezaji! Umemhukumu mtu aliyefanya kazi hii tangu utotoni, na mwenye kosa ni sabufa.

Na kuna baya zaidi. Video nyingi mnazopata zimefutwa muziki wake kwa ajili ya hakimiliki, au mtu amepachika wimbo mwingine juu yake. Mnatazama miguu iliyokuwa ikisikia wimbo mmoja, nyinyi mnasikia mwingine. Kwenye mashindano ya kawaida mchezaji hachagui wimbo. Anausikia mara ya kwanza akiwa sakafuni, pamoja na wapinzani wake. Kipaji chake chote kiko hapo, kuukamata wimbo asioujua, na hicho ndicho mnachofutiwa.

Lakini yule binti hakukubali, na nampenda kwa hilo. Akasema, "Mwalimu, sawa, waya umerekebisha. Lakini pigo la kwanza likilia, huyu dada hapigi hatua. Amesimama." Nikamwambia rudia hapo. Akarudia mara tatu. Alikuwa sahihi! Rumba ya mashindano hupigwa hatua kwenye pigo la pili, la tatu na la nne. La kwanza, ambalo sisi tuliokulia kwenye muziki wa dansi tunalikanyaga bila kuulizwa, wao hawalikanyagi. Hapo ndipo nyonga inapomaliza safari yake. Tazama mguu: vidole vinasogea vikisugua sakafu, unyayo wa mbele unabonyea kwanza, kisigino kinashuka, goti linanyooka, uzito unaingia mguuni, na nyonga inatulia mwishoni kabisa. Kiuno hakikuanzisha kitu. Kimepokea kilichopelekwa na mguu. Ndiyo maana ukitazama kiuno peke yake unaona kutingisha, na ukijaribu kuiga utaumia mgongo.

Macho haya sikuyapata kwenye simu. Niliyapata Kisesa. Mjomba wangu alikuwa akinipeleka Bulabo, sikukuu ya ngoma za Wasukuma, pale Bujora, mwezi wa sita, Bagika na Bagalu, vyama viwili vya wachezaji, wakishindana. Watoto wenzangu walibebwa mabegani. Mimi mjomba alinikalisha chini, mstari wa mbele, mavumbini. Nililia, maana sikuona manyoya wala sura za watu. Niliona miguu na majembe tu. Ikaja bugobogobo, ngoma ya majembe. Wanaume wamejipanga, jembe linarushwa, linadakwa, na mguu unapiga ardhi. Kila mguu unapopiga, kijiwingu cha vumbi kinaruka hadi kwenye kifundo. Vijiwingu kumi na tano vinaruka kwa pamoja, vinashuka kwa pamoja. Kisha nikaona kimoja kimechelewa, kidogo tu, upande wa kushoto. Mjomba akaniinamia sikioni: "Umekiona?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi umeanza kutazama."

Na mnajua mashindano yale yanavyoamuliwa. Pande mbili zinacheza wakati mmoja, kila moja na uwanja wake, na watu wanahama. Upande uliovuta watu wengi ndio umeshinda. Kura yako ni miguu yako. Kwenye video huwezi kuhama. Mpiga picha amekuhamisha zamani, amekupeleka kwenye uso unaotabasamu wakati sakafuni kuna jozi kumi na mbili, na iliyo bora pengine iko kwenye kona asiyoigusa. Majaji wa raundi za mwanzo wanasimama pembeni mwa sakafu na kuwapitia wote ndani ya dakika moja na nusu au mbili. Hawasubiri uso.

Kuna mzee hapa mbele anatikisa kichwa. Najua unachotaka kuuliza, mzee wangu: haya yanatuhusu nini sisi wa Kanda ya Ziwa? Yanatuhusu. Samba imetoka kwa watu weusi wa Brazil. Rumba na cha-cha-cha zimetoka Cuba, kwa wajukuu wa Waafrika waliopelekwa kule utumwani. Santuri za GV, zenye muziki huo wa Cuba, zilipoanza kuuzwa Afrika mwaka 1933, wazee wetu walizipokea kama mtu anayepokea barua ya ndugu, na kumbi za dansi za mijini zikacheza muziki ule miaka na miaka. Waingereza waliuchukua mchezo wakauandikia sheria, wakaushindanisha Blackpool, mji wa kwao Uingereza, ambako tamasha lao lilianza 1920. Sheria ni zao, na ni nzuri, nimezisoma. Ila kinachopigwa sakafuni kilipita kwetu kwanza, halafu mimi niambiwe hakinihusu? Hapana.

Wa pili atasema kutazama huku kunamaliza bando. Kijana, dansi moja ya mashindano kwa kawaida ni kama dakika mbili tu! Wewe kila usiku unatazama vipande arobaini vya sekunde kumi na tano, kila kimoja kimekatwa pale mtu anaporuka au anapobinuka. Hesabu mwenyewe. Vipande vile vinakula bando lilelile na vinakuharibu jicho, maana vinakufundisha kwamba dansi ni mruko. Donnie Burns na Gaynor Fairweather walikuwa mabingwa wa dunia wa dansi za Kilatini, yaani rumba, samba, cha-cha-cha na wenzao, mara 14, na mara 14 haipatikani kwa mruko. Watafute, uwatazame wanavyotembea tu, kutoka hatua hadi hatua.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa, na waltz sijaigusa. Haraka basi. Kwenye waltz na foksitroti mambo yanageuka: anayekwenda mbele anatanguliza kisigino, si vidole, kwa hiyo jicho lisitafute kile kile. Fremu ya mikono, yaani namna wawili wanavyoshikana, tazameni kama viwiko vinashuka wimbo ukikaribia mwisho. Hapo ndipo pumzi inapomsaliti mtu. Kuhusu alama za fainali, pale Blackpool majaji hawajumlishi pointi. Kila jaji anapanga jozi kwa nafasi, na nafasi inaamuliwa na wingi wa majaji. Jaji mmoja hawezi kumbeba mtu. Hilo lilihitaji saa nzima, na paso doble, dansi nyingine ya Kilatini, pia, tuiache.

Maneno yatoshe, tuone. Nani ana simu yenye tundu la waya? Lete, mwanangu. Zimeni ile feni, inatikisa pazia. Ni rumba, dakika mbili, mara ya kwanza nitafunika nusu ya juu ya picha kwa kitabu hiki. Na nyinyi wa mstari wa mbele, acheni viti, kaeni chini.