Kapeti Chepechepe: Maji Yanaingilia Wapi?

SALMA: Karibuni tena. Mimi Salma, niko na kaka Shomari, na leo mgonjwa ni gari yangu mwenyewe. Tangu masika yaanze inanuka kama kitambaa cha deki kilichosahauliwa kwenye ndoo. Upande wa abiria wa mbele, ukikanyaga kapeti, linakujibu chwaa.

SHOMARI: Pole. Umeshafanya nini?

SALMA: Nikaipeleka gereji. Fundi akaitazama dakika mbili, akatoa silikoni, akapaka kuzunguka kioo cha mbele chote. Nikalipa. Kesho yake, kapeti chepechepe vilevile.

SHOMARI: (anacheka) Samahani, sikucheki wewe, naicheka silikoni. Ile ilikuwa inanuka siki?

SALMA: Hasa! Mpaka nikapiga chafya.

SHOMARI: Basi ile inayonuka siki inatoa asidi wakati inakauka, ikikaa kwenye bati inaleta kutu. Na siku ukibadilisha kioo kweli, gundi yake haishiki vizuri mahali palipobaki silikoni. Ila tuyaache hayo. Nikuulize swali ambalo fundi wako alitakiwa akuulize: linalowa siku za mvua tu, au hata za jua?

SALMA: Ngoja kwanza... Jumamosi nilikwenda Bagamoyo na kurudi, jua kali, AC mwanzo mwisho. Nilipofika nyumbani kapeti lilikuwa limelowa.

SHOMARI: Kioo kimesingiziwa, dada yangu. Ufunguo uko wapi? Dogo wa mitambo, nenda kaiwashe gari ya dada Salma hapo nje, weka AC, kaa nayo dakika ishirini, halafu chungulia uvunguni utuambie kama panadondoka maji.

SALMA: Mbona unamtuma mtoto wa watu juani?

SHOMARI: Si atakaa kwenye AC! Sikia. AC inapopoza hewa, inakamua unyevu wake. Ndani ya dashibodi kuna kisanduku, maji yanakusanyika humo, yanatoka kwa mpira mdogo unaotokea chini ya gari. Ndiyo yale matone unayoyaona ukipaki. Magari yetu haya ya usukani wa kulia, kisanduku hicho mara nyingi kiko upande wa abiria. Mpira ukiziba kwa vumbi na takataka, maji yanarudi ndani. Na hewa ya Dar ilivyo nzito, hayawi maji ya kijiko.

SALMA: Nitajuaje kuwa ni ya AC na si ya injini?

SHOMARI: Futa na tishu nyeupe, unuse. Ya AC ni maji matupu. Yakinata, yakiwa na rangi ya kijani au pinki na harufu ya utamutamu, na kioo kinashika ukungu usiofutika vizuri, hiyo ni kulanti, maji ya kupozea injini, rejeta ndogo ya hita imetoboka. Usionje, ni sumu. Na usiendelee kutembea nayo, injini itachemka.

SALMA: Haya, tuseme ni mvua kweli.

SHOMARI: Hapo ndipo watu wanapokosea. Wanaiona gari kama chupa yenye kizibo. Gari imejengwa iyapokee maji na iyape njia ya kutoka. Chukua mlango. Mvua ikinyesha, maji yanateremka na kioo mpaka ndani ya mlango, kila siku, gari mpya na kuukuu. Chini ya mlango kuna matundu ya kuyatoa. Na nyuma ya ile paneli unayoegemeza kiwiko kuna nailoni imebandikwa, ndiyo inayoyazuia yasiingie ulipokaa.

SALMA: Nailoni nyeusi nyeusi hivi, yenye gundi kama ulimbo?

SHOMARI: Umeionea wapi?

SALMA: Aliyenifungia spika aliichana akaitupa. Alisema haina kazi.

SHOMARI: Yallah! Kwa hiyo una magonjwa mawili.

SALMA: Na mimi napaki chini ya mwarobaini.

SHOMARI: Matatu! Chini ya vaipa kuna mfereji, majani yakiuziba maji yanapanda hadi tundu la feni, yanamwagika miguuni kwa abiria. Fungua boneti, zoa majani kwa mkono. Wenye kioo cha juu ya paa nao wana vimpira vya kutolea maji kwenye pembe. Mimina maji kikombe kimoja, uone yanatokea wapi chini. Usipulize kwa kompresa, mpira utachomoka ndani ukalie.

SALMA: Na buti? Mjomba wangu anafuga samaki pale kwenye spea taya.

SHOMARI: Raba za taa za nyuma, mara nyingi. Kumpata mwizi mnahitaji watu wawili. Kausha kwanza. Mmoja ajifungie ndani na tochi, mwingine nje na mpira wa bustani, maji ya taratibu. Anzia chini, kaa dakika kadhaa kila mahali, ndipo upande. Ukianzia paani, maji yanashuka yanapita kila ufa, hutajua aliyefungua mlango ni nani.

SALMA: Kapeti nalianika juani basi.

SHOMARI: Lifunue lote! Chini yake kuna sponji nene, juu pakikauka yenyewe bado inatoka maji ukiikamua. Na nyaya zinapita humohumo. Taa za dashibodi zikianza kuwaka ovyo, wengi wanakimbilia kununua sensa, vile vihisi vya gari, kumbe nyaya zimelowa.

DOGO: (kutoka nje) Kaka Shomari, pakavu kabisa!

SHOMARI: Basi mpira umeziba. Umeuona ule mdogo karibu na ukuta wa injini? Zima gari kwanza, angalia ekzosi isikuunguze. Ubinyebinye kwa vidole mdomoni pale. Usichokonoe kwa waya mgumu, ndani kuna mapezi laini ya kupozea hewa.

SALMA: Mbona kimya? Dogo?

DOGO: Dada Salma... una shati lolote la kuniazima?