Kitufe chenye kigugumizi

Haya, dada wa safu ya mbele, sogea ubonyeze hiki kitufe. Mara moja tu. Asante. Someni wote pale ukutani: programu imehesabu nne. Na nyote mashahidi, kabonyeza mara moja. Waliowahi kunisikia wanajua naelekea wapi, na mmoja naona kashaanza kucheka. Vumilia, ndugu yangu, leo kuna wageni.

Kila mwaka vijana huniletea ombi lilelile: wanataka kitufe cha kweli, cha kubonyeza kwa kidole, kikibonyezwa kompyuta iendeshe skripti, yaani orodha ya amri zilizoandikwa tayari. Na kila mwaka wanadhani kazi iko kwenye skripti. Skripti mtu anaiandika jioni moja. Kinachomkesha ni hicho kidude cha bei ya karanga.

Shangazi yangu ana duka la steshenari Temeke. Kila jioni alitakiwa afungue programu mbili, moja ichape hesabu ya siku, nyingine inakili mafaili kwenye flashi. Anasahau, anakosea, ananipigia simu saa tatu usiku. Nikasema basi, nakuwekea kitufe kikubwa chekundu kando ya droo ya pesa. Nikachukua Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya bodi moja, waya mmoja wa kitufe nikautia GPIO17, moja ya pini zake za kupokea ishara, mwingine graundi, yaani volti sifuri, nikaondoka kifua mbele.

Usiku huohuo, simu. "Baba, mashine yako inachapa yenyewe. Nikiwasha feni tu, inachapa." Alishataka kuita shehe. Jini lenyewe lilikuwa mimi, maana pini ile sikuipa mahali pa kutulia. Kitufe kisipobonyezwa, waya hauna unakoshika. Si sifuri, si moja, unaning'inia tu. Na waya mrefu unaoning'inia ni antena, unadaka kila uvumi wa umeme uliomo dukani. Dawa yake ni resista, kidude cha kuzuia umeme, inayoivuta pini juu hadi volti 3.3, ili kidole peke yake ndicho kiishushe. Wala hiyo resista hamhitaji kuinunua, imo ndani ya chipu, inawashwa kwa kodi, yaani maandishi ya programu. Kwenye Arduino, bodi nyingine ndogo ya kuunganishia vidude, andikeni INPUT_PULLUP. Kwenye Pi, ukitumia gpiozero, maktaba ya kodi ya Python, Button(17) inaiwasha bila kuombwa. Mimi nilitumia maktaba nyingine, sikuiambia kitu, nayo ikaninyamazia. Na msisahau mambo hapa yako kinyume: kubonyeza ndiyo sifuri, kuachia ndiyo moja.

Nikarekebisha, jini likatoka. Kesho yake shangazi kafunga hesabu, kabonyeza: karatasi tano, zote sawasawa. Hakukasirika. Alizipanga kwenye kaunta moja moja, akaniangalia, akasema, "Baba, kitufe chako kina kigugumizi."

Nimesoma mengi juu ya jambo hili, sijakutana na jina zuri kuliko hilo. Ndani ya kitufe kuna vipande viwili vya chuma. Vikikutana havitulii papo hapo, vinadundadunda kama mpira ulioangushwa sakafuni, kwa milisekunde chache. Wewe huoni kitu. Kompyuta inaona kila mdundo, na kwake kila mdundo ni amri. Shangazi anasema "ch-ch-chapa", printa nayo ni mtumishi mtiifu.

Nawasikia wa nyuma: nunua kitufe cha bei mbaya. Nimenunua. Nacho kinadunda. Mwingine: weka kapasita, kidude cha kulainisha hiyo midundo. Weka, sikukatazi, lakini mistari miwili ya kodi inatosha: ukishasikia bonyezo moja, ziba masikio milisekunde 50. Gpiozero inayo, inaitwa bounce_time, unaandika 0.05, maana inahesabu kwa sekunde, usipoiandika, haipo, na hapo ndipo wengi wanapoangukia. Kwa shangazi niliongeza kufuli: skripti ikiwa bado inakimbia, bonyezo jipya linatupwa. Printa ikichelewa, mtu hubonyeza tena kwa hasira.

Yuko pia wa kuniambia kibodi ina vitufe mia, si utumie kimojawapo? Nenda kamwambie hivyo shangazi, wateja sita wamemkalia kaunta, chenji iko mkononi.

Naonyeshwa saa. Basi mbiombio. Asiye na Pi lakini ana kompyuta ya kawaida, atafute bodi yenye chipu ya ATmega32U4, kama Arduino Leonardo, au achukue Raspberry Pi Pico. Hizo hujitambulisha kwa kompyuta kama kibodi ya USB. Arduino Uno, yenye chipu ya ATmega328P, haiwezi hivihivi, msije mkanililia. Na bodi itume kitufe F13, ndugu wa F1 hadi F12, isichape maneno! Kijana mmoja aliifundisha ichape amri nzima herufi kwa herufi. Akabonyeza huku dirisha lililo wazi ni la barua ya maombi ya kazi, na barua ikaenda na amri ya kuzima mashine katikati ya aya. F13 haipo kwenye kibodi nyingi, kwa hiyo haigombani na mtu. Windows iungeni na skripti kwa programu ya AutoHotkey. Linux, kwenye mipangilio ya njia za mkato za kibodi.

Volti 5 kwenye pini za Pi: hapana, mtaiunguza. Skripti ya kitufe kuendeshwa na root, mtumiaji mwenye mamlaka yote: hapana, na hili nilikuwa nalo la kusema, saa imenikatalia.

Miguu minne! Hiyo siiruki. Kile kitufe kidogo cha milimita 6 kina miguu minne, lakini ndani imeungana miwili miwili. Ukikamata miwili ya jozi moja, kitufe kitakuwa kimebonyezwa milele, nawe utailaumu kodi hadi alfajiri. Ungeni kwa mshazari, pembe hii na ile ya mbali, hamkosei. Au pimeni kwa mita ya umeme: ikilia kabla hamjabonyeza, mmeshika jozi moja.

Mita ziko mezani, tatu. Mwaka jana zilikuwa nne. Aliyeondoka na ya nne aiweke tu pale, sitamuuliza kitu.