Kutoka kitandani hadi chooni
(Mhadhara kwa wahudumu wa afya ya jamii, Eastlands, Nairobi)

Hamjambo, na poleni na jua. Nitaongea nimesimama, maana goti langu likikaa sana hugoma.

Ukibisha hodi kwa shosho anayeishi peke yake, usikimbilie ile mashine ya presha mliyopewa 2023. Angalia kwanza njia anayopita usiku. Ploti zetu nyingi choo kiko nje, taa ya korido imeungua, na kizingitini kuna karai la jirani. Nyonga huvunjikia hapo.

Nilikuwa na mama mmoja, kiharusi kilimlegeza upande wa kushoto. Alitoka hospitali na karatasi ya mazoezi kumi na mawili. Nilimkuta ameifunikia sufuria. Nikamuuliza, "Mama, wewe mwenyewe unataka nini?" Akasema, "Nijipikie chai bila kungoja mtoto wa jirani atoke shule." Basi mazoezi yakawa hayo. Kuinuka kitini mara tano kabla ya chai ya asubuhi, mara tano jioni. Ndoo tukaiacha, tukaweka kijagi juu ya stuli asiiname. Wiki ya sita akanimiminia kikombe. Sukari ilikuwa balaa. Nilimaliza.

Sasa fimbo. Wazee wengi ninaowatembelea huishika upande wa mguu mbovu. Hapana! Ishikwe kwa mkono wa upande mzima, ipige hatua pamoja na mguu mgonjwa. Mzee asimame wima, mikono ianguke yenyewe: kishikio kifike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono. Ikizidi, msumeno. Na mpira wa chini usikosekane. Saruji iliyolowa haina adabu.

Msinijibu kwamba aje kliniki mara tatu kwa wiki. Inua Jamii, ule mpango wa serikali wa pesa za wazee, humpa aliyetimiza miaka 70 shilingi 2,000 kwa mwezi, tena zikija. Atoe nauli au anunue unga? Katiba, kifungu cha 57, inasema mzee apate uangalizi wa familia yake na wa serikali. Familia iko Kakamega. Serikali mlangoni kwake ni wewe na huo mkoba.

Kipimo cha hatari ya kuanguka ni hiki: ainuke kitini, atembee mita 3, ageuke, arudi, aketi. Akifika sekunde 12 au zaidi, anaweza kuanguka wakati wowote, mwandikie rufaa. Wewe simama karibu naye, usiwe umekodolea simu.

Haya, vuteni viti, wawili wawili. Mmoja awe shosho. Na shosho asikimbie, tafadhali.