Paa la Gari ni Nusu ya Antena

Assalaam aleikum, na wengine nyote hamjambo. Mlionialika mliniomba nizungumzie kuchagua antena ya gari kwa ajili ya skana, ile redio ya kusikiliza tu inayopekua masafa mengi. Nitaizungumzia. Lakini kila nikiulizwa, "Fundi, ninunue antena gani?", mimi nami huuliza: utaiweka wapi? Watu hukasirika, huona nawakwepa. Sivyo, ndugu zangu. Ukishajua utaiweka wapi, antena umeshaichagua.

Tazameni fimbo hii hapa mezani. Ni waya mtupu, robo ya wimbi, yaani urefu wake ni robo ya urefu wa wimbi unalotaka kulisikia. Fimbo hii ni nusu ya antena. Nusu ya pili ni chuma kilicho chini yake. Umeme unaopanda na kushuka kwenye fimbo lazima uwe na mwenzake anayetembea kwenye bati, na bati hilo lienee pande zote. Ukachukua fimbo ya bei kubwa kuliko zote Mombasa ukaifunga kwenye bampa la plastiki, una nusu ya antena na risiti.

Nina mzee wangu mmoja wa Kisauni, simtaji jina, ana mashua tatu zinazovua nje ya mwamba. Manahodha wake wana redio za baharini, husemezana kwenye chaneli 72, ile ya chombo kwa chombo, masafa yake megahezi 156.625. Yeye kusema nao kutoka nchi kavu hana leseni. Alichotaka ni kusikia tu: wamepata nini, wanarudi saa ngapi, barafu itayarishwe au la. Akanunua skana nzuri. Akanunua na antena, ikafungwa kwenye ukingo wa mlango wa buti, pembe ya nyuma, kushoto. Aliyeifunga alimwambia hapo ndipo inapopendeza.

Siku moja akanijia na malalamiko. "Mwanangu, hii skana ina jini. Nikienda Mtwapa nasikia, nikirudi sisikii." Barabara ni ile ile, saa ni zile zile, mashua ziko pale pale. Alishailipia skana hiyo kufunguliwa mara tatu, kwa mafundi watatu. Mmoja alimbadilishia spika. Mwingine alimwambia ni upepo wa kaskazi.

Nikamwomba kalamu nikamchorea gari nyuma ya bahasha. Ukitoka Nyali kwenda Mtwapa, bahari iko wapi? Mkono wa kulia. Ukirudi, iko mkono wa kushoto. Sasa antena iliyo pembeni husikia vizuri zaidi upande ule ambako chuma ni kingi, yaani kupitia juu ya gari lenyewe. Ikiwa iko nyuma kushoto, sikio lake kubwa liko mbele kulia. Akienda Mtwapa, mbele kulia ni baharini. Akirudi, mbele kulia ni bara, anasikiliza mashamba. Mashua zake ziko nyuma kushoto, upande ule ambao antena ina bati dogo kabisa.

Hakuniamini, na sikumlaumu. Tukalipeleka gari kwenye uwanja mtupu, tukangoja manahodha waanze kuzungumza. Nikashika usukani nikalizungusha gari polepole sana, duara kamili, yeye kando yangu na skana mapajani. Sauti ikawa inakuja, inajaa, unasikia hata injini ya mashua nyuma ya maneno. Gari likazidi kugeuka, maneno yakaanza kuliwa, mwisho ikabaki shhhh. Tukamaliza duara, sauti ikarudi. Mzee akasema, "Zungusha tena." Nikazungusha mara nne. Mara ya nne alikuwa amefumba macho na ananionyesha kwa kidole upande zilipo mashua zake.

Antena ile ile tukaihamishia katikati ya paa. Sikuuza kitu siku hiyo. Sasa huenda Mtwapa akisikia na hurudi akisikia.

Nimekisimulia kisa hiki mara nyingi na nitaendelea kukisimulia, kwa sababu kila wiki naliona gari jipya lina antena kwenye bampa, kwenye ngazi ya nyuma, kwenye karia. Watu wanatoa pesa zao za jasho, kisha wanailaumu skana.

Najua kuna mtu hapa anasema moyoni: mambo hayo ni ya wanaorusha mawimbi, mimi nasikiliza tu. Hapo una haki nusu. Anayerusha akikosea urefu wa fimbo anaweza kuiunguza redio yake, wewe hutaunguza kitu. Ndiyo maana sikukazii uwe na kebo ya omu 50 tu, ile ya redio; omu ni kipimo cha ukinzani wake. Ukiwa na ya omu 75 iliyobaki ulipofunga TV, ifunge, hasara yake kwa kutolingana ni ndogo hata sikio halitaijua, ingawa ni ngumu kukunja kwenye pembe za mlango. Lakini sikio la upande mmoja halijali kama unarusha au unapokea. Mwelekeo ni ule ule.

Mwingine atasema: niliiweka chini kwa sababu juu itagonga. Waya wa sentimita 50 utagonga nini? Na kule chini unapoteza kimo, nacho dukani hakiuzwi. Mawimbi ya masafa haya huenda karibu kama jicho linavyoona, hayazungukii kilima. Antena ikiwa mita 2 juu ya ardhi na ya mashua mita 3 juu ya maji, hesabu inatoa kama kilomita 13. Meli yenye antena mita 30 juu, kama kilomita 28. Ndege iliyo mita 10,000 utaisikia ikiwa zaidi ya kilomita 400. Kwa hiyo usinijie ukasema skana yako ni nzima kwa sababu inasikia ndege. Ndege kila mtu anazisikia.

Urefu sasa. Gawa 71.5 kwa megahezi unazotaka, utapata mita. Za baharini, 156.8 ya chaneli 16, inakuja sentimita 46 hivi. Za ndege, ukichukua 125, ni sentimita 57. Mwenye kutaka zote mbili akate 50, atakuwa katikati, na hakuna atakachokosa. Tena waya huo huo unafanya kazi kwenye masafa mara tatu, karibu na megahezi 430, ukiwa robo tatu ya wimbi. Hauoni upeo vizuri kama kwenye masafa ya chini, unatazama juu kidogo, lakini unasikia. Hii ndiyo antena ninayoipendekeza kwa watu wengi, na bei yake ni ndogo kuliko zote. Mkiona boksi limeandikwa megahezi 25 mpaka 1300, jueni waya una urefu mmoja tu, hauwezi kuwa sawa kila mahali.

Zile ndefu, thumuni tano za wimbi? Kwenye karatasi zinazidi robo kwa desibeli 3, yaani nguvu kama mara mbili, na hilo hupatikana kwa kubana sikio lielekee upeo wa macho. Kwa mwenye mashua na chaneli moja, sawa, inafaa. Ila ni mita 1.2, inachezacheza kwenye kila shimo la barabara. Kwa msikilizaji wa kila kitu sioni sababu.

Na kuishikisha paani, sumaku au shimo? Sumaku hushika chuma. Nenda uibandike kwenye Land Rover ya zamani uone: bodi ni alumini, itateleza ianguke. Kwenye HiAce itashika vizuri. Lakini sisi tunaishi pwani. Chini ya sumaku huingia mchanga na unyevu wa chumvi, na baada ya miezi michache ukiinua unakuta duara la kahawia limekula rangi. Iinue kila wiki, ufute chini yake na juu ya paa, kwa kitambaa na maji yasiyo na chumvi. Mwenye tuk-tuk yenye paa la turubai hana chuma juu, basi aweke kipande cha bati chini ya turubai, kama mita moja kwa mita moja, sumaku ishike kupitia kitambaa. Inafanya kazi, nimeifanya.

Shimo ni bora. Milimita 19, katikati ya paa, chuma kwa chuma. Najua mnaogopa, "gari litashuka bei". Gari litakaloliwa na kutu chini ya sumaku litashuka zaidi. Ukitoboa, paka rangi kwenye ukingo wa shimo siku ile ile, ila kwaruza kidogo upande wa ndani pale msingi unapogusa paa, pabaki chuma kitupu, kisha pakaa grisi. Hapo ndipo nusu ya pili ya antena inaposhikana na ya kwanza. Watu hupaka rangi pote wakamaliza kazi, na kazi haipo.

Na kebo. Pitisheni kipande hiki, mpeane. Nimekikata wiki iliyopita. Hapo mwisho ni shaba safi, nyekundu. Hapa karibu na plagi, mwaona? Kijani, na ukiminya inatoka unga. Maji ya chumvi yalipenya kwenye plagi isiyozibwa yakapanda ndani ya nyuzi, sentimita 40 nzima. Nje kebo ilikuwa mpya. Funga plagi kwa utepe wa raba unaovutwa ukajishika wenyewe, kila plagi iliyo nje. Urefu wa kebo yenyewe usikusumbue: mita 4 za RG-58, ile kebo nyembamba ya redio, kwenye masafa ya meli hupoteza chini ya desibeli 1.

Saa imekwisha, na vikuza mawimbi sitavizungumzia leo. Kelele nazo haraka: ukisikia mvumo kwenye masafa ya ndege, chomoa chaja ya simu kwanza kabla ya kumwita fundi. Sheria pia: kuna Sheria ya Habari na Mawasiliano ya 1998, na wa kuuliza ni Mamlaka ya Mawasiliano. Uliza kabla hujanunua. Mazungumzo ya polisi yaacheni.

Wenye kutaka kuliona shimo lenyewe, gari langu liko nje chini ya mwembe, nimeshusha kitambaa cha dari ili mwone upande wa ndani. Aliye na tepu ya kupimia aje nayo, na mwenye kebo ile ya kijani anirudishie.