Diski mpya, kutu ya zamani: kubadili diski za breki nyumbani

Jambo wababa, jambo wamama, na ninyi vijana mliosimama kule nyuma. Gari ya Bukavu inashinda ikipanda na kushuka, na anayeteremka mlima wa Ngomo kwenda Kamanyola anajua breki zinavyonuka akifika chini. Ndiyo maana diski, zile sahani za chuma zinazozunguka pamoja na gurudumu, zinaisha, na wengi wanazibadili wenyewe uani. Ni kazi ya nusu siku. Lakini malalamiko ni yale yale: diski nimenunua juzi tu, usukani umeanza kutetemeka tena. Lawama inamwangukia muuza vipuri, au inasemwa joto limepinda diski. Mara nyingi diski haina kosa. Aliyeiweka hakusafisha mahali inapokaa.

Kwanza uhakikishe kwamba imeisha. Unene wa mwisho unaoruhusiwa umechorwa kwenye diski yenyewe, ukingoni au karibu na katikati: herufi MIN TH na namba ya milimita. Ukipima kwa kalipa ya kawaida, kile kipimo cha unene chenye taya mbili, utadanganyika, maana ukingo wa nje hauguswi na plaketi, vile vipande viwili vinavyoibana diski ukikanyaga breki, unabaki mnene kama mdomo wa sufuria. Chukua sarafu mbili zinazofanana, za Rwanda, ng'ambo ya Ruzizi, kwa sababu sisi tunatumia noti, weka moja kwenye kila uso wa diski, pale plaketi inapopita, pima vyote pamoja, kisha toa unene wa sarafu. Ukikuta chini ya namba ile, au ufa, hakuna mjadala. Na diski zinabadilishwa mbili mbili, kulia na kushoto, pamoja na plaketi mpya. Plaketi ya zamani imeshachukua mifereji ya diski ya zamani, haiwezi kulala sawa juu ya mpya.

Kutafuta mahali pa tambarare hapa kwetu ni kazi, lakini patafute. Breki ya mkono juu, gari ndani ya gia, mawe mazito mbele na nyuma ya magurudumu yanayobaki chini. Nati zilegeze robo mzunguko gurudumu likiwa bado ardhini. Baada ya kuinua gari kwa kriki (jeki), weka shandeli, zile nguzo fupi za chuma za kubebea gari, chini ya sehemu imara ya chasi. Matofali hapana. Tofali la kuchoma halipindi kwanza likuonye, linapasuka mara moja.

Geuza usukani ili uone nyuma ya diski. Kwenye Toyota nyingi ndogo, etriye, ile sehemu yenye pistoni inayozisukuma plaketi, imeshikwa na buloni (bolti) mbili za ufunguo wa 14, na kile kiti chake na mbili kubwa zaidi, za 17. Ukiitoa etriye, ifunge kwa waya kwenye springi. Usiiache ininginie kwa mpira wa mafuta ya breki. Mpira unaumia kwa ndani, kwa nje hauoni kitu.

Diski ikigoma kutoka, tazama uso wake: mara nyingi kuna matundu mawili madogo yenye uzi, ya buloni ya milimita 8. Ingiza buloni mbili, kaza moja nusu mzunguko, halafu ya pili, kwa zamu. Diski inajisukuma yenyewe bila nyundo. Nyundo inapiga pia bearingi.

Sasa hapa ndipo pa kukaa. Mbele yako kuna kitovu cha gurudumu, ule uso wa chuma wenye misumari ya nati. Utakuta umevaa gamba la kahawia, hasa kuzunguka kila msumari. Lile gamba ndilo linaloleta mtetemo. Kwa Toyota, diski ikizunguka haitakiwi kuyumba zaidi ya milimita 0.05, yaani chini ya unene wa karatasi ya daftari. Punje ya kutu ikibaki kwenye kitovu, ukingoni mwa diski kosa linakaribia kuwa maradufu, kwa sababu ukingo uko mbali zaidi na katikati. Siku ya kwanza husikii kitu. Lakini kila mzunguko diski inaigusa plaketi mahali pamoja, hata mguu haujakanyaga, na pale inaliwa kidogo kidogo. Baada ya kilomita elfu kadhaa ina mahali pembamba na mahali panene, na hapo ndipo usukani unacheza. Haikupinda, imeliwa vibaya.

Basi burashi ya waya, kisha msasa, mpaka uone chuma cheupe, na msumari mmoja mmoja uuzunguke. Pitisha kidole: kikikwama, bado. Diski mpya nayo imepakwa mafuta ya kuzuia kutu. Ioshe kwa dawa ya kusafishia breki. Kama huna, maji ya moto na sabuni, ukaushe papo hapo. Mazutu (dizeli) hapana kabisa, inaacha mafuta. Ukishaiweka, ibane kwa nati mbili za gurudumu wakati unafunga vingine, isije ikalegea na vipande vya kutu vikaanguka nyuma yake.

Pistoni irudishe taratibu kwa klempu, ukiegemeza plaketi ya zamani, na kifuniko cha chupa ya mafuta ya breki kikiwa wazi. Yakikaribia kufurika, punguza kwa sindano, kwani yakimwagika yanakula rangi ya gari. Pini ambazo etriye inateleza juu yake zipake grisi ya silikoni. Grisi ya kawaida inavimbisha mipira yake, pini inakwama, na plaketi ya upande mmoja inaisha peke yake.

Naulizwa kuhusu diski za nyuma. Pistoni nyingine za nyuma hazisukumwi, zinazungushwa kama skrubu. Ikikataa kurudi, usiilazimishe.

Nati kaza kwa kuvuka, moja kisha iliyo mkabala wake. Toyota nyingi ndogo zinataka nguvu ya kukaza ya newtoni mita 103, inayosomwa kwenye ufunguo wa kipimo. Kukaza bila kipimo, na kwa upande mmoja, kunaweza kuyumbisha hata diski iliyokaa vizuri.

Kabla gari haijasogea hata hatua moja, kanyaga breki mara nyingi mpaka iwe ngumu. Mara ya kwanza mguu utafika chini kabisa, kwa sababu pistoni uliisukuma ndani. Mwenye kusahau hili kwenye mteremko hatapata nafasi ya kukanyaga mara ya pili.

Halafu asubuhi na mapema, barabarani pa tambarare, punguza mwendo kutoka kilomita 50 kwa saa hadi 10, mara kama kumi, bila kusimama. Endesha dakika chache zipoe. Zikiwa bado moto usisimame ukiwa umekanyaga, plaketi itaacha alama yake kwenye diski. Baada ya kilomita 50 au 100, zipitie nati zote tena.