Natembea vizuri, lakini goti bado halijapona

Habari zenu ndugu zangu mlio nyumbani, na nyie wenzangu wa huku ughaibuni. Wakubwa wote, shikamooni. Tangu niweke ile video fupi natembea bila magongo baada ya upasuaji wa goti, simu haijatulia. Wengi mnaniambia: hongera umepona, unarudi lini uwanjani? Mama naye amepiga, ameshukuru Mungu, ameniambia mwanangu sasa roho yangu imetulia. Nawashukuru wote kwa dua zenu, zimenibeba kwelikweli.

Lakini bado sijapona, na leo nataka niwaeleze kwa nini. Najua kati yenu wapo vijana wanaocheza wakiwa na goti la namna hii, na wapo makocha na wazazi wanaowasubiri warudi haraka. Nataka hasa nyinyi mnisikilize mpaka mwisho.

Kwanza tuelewane kilichofanyika humu ndani. Goti lina ligamenti nne kubwa, yaani kamba ngumu zinazoshikanisha mfupa wa paja na mifupa iliyo chini ya goti. Iliyokatika kwangu ni ile inayopita katikati ya goti kwa mshazari, ambayo watu wa mpira wanaiita ACL. Kazi yake ni kuzuia muundi usichomoke kwenda mbele, na kulituliza goti unapogeuka ghafla. Ndiyo maana wengi huikata bila kuguswa na mtu yeyote: umeruka ukatua vibaya, au umekanyaga ubadili uelekeo, mguu ukabaki chini na mwili ukazunguka. Mara nyingi unasikia mlio, na ndani ya saa chache goti linajaa kwa sababu damu inavujia ndani ya kiungo. Kijana akisikia mlio na goti likavimba siku hiyohiyo, msimwambie ameteguka tu. Apelekwe akapimwe.

Ikikatika kabisa, mara nyingi haijiungi yenyewe. Iko ndani ya ute wa goti, na pale damu haipati nafasi ya kuganda ikazishika zile ncha mbili. Kwa hiyo kwa kawaida daktari haishoni ile ya zamani, anaweka nyingine. Anachukua kano, ile kamba inayoshikanisha msuli na mfupa, kutoka sehemu nyingine ya mwili wako: nyuma ya paja, au chini ya kilegesambwa, kile kifupa cha mbele ya goti, au juu yake. Wengine huwekewa kano iliyotolewa kwa mtu aliyefariki. Mimi walichukua nyuma ya paja. Wanaingiza kamera ndogo kwenye goti, wanatoboa tundu kwenye mfupa wa paja na jingine kwenye muundi, wanapitisha kano humo na kuikaza kwa skrubu au kifungo kidogo cha chuma. Mimi nilikuwa kwenye nusu kaputi, sikujua lolote.

Sasa jambo lenyewe ni hili. Ile kano siku inayowekwa ina nguvu nzuri tu. Lakini imetengwa na mishipa yake ya damu. Ni kama mche uliong'olewa kitaluni ukahamishiwa shambani: majani yananyauka kwanza, ndipo mizizi ishike. Seli zake nyingi za mwanzo hufa. Kisha mishipa mipya ya damu inaingia taratibu, seli mpya zinafika, zinaanza kuzipanga upya zile nyuzi mpaka kano ianze kufanya kazi ya ligamenti. Hiyo ni kazi ya miezi mingi, na huweza kupita mwaka. Na katikati hapo, takriban wiki ya 6 hadi ya 12, kano huwa dhaifu kuliko hata siku ilipowekwa.

Halafu angalieni wiki hizo zinavyoangukia. Ndizo wiki ambazo uvimbe umeshuka, maumivu yamekwisha, kidonda kimefunga, magongo umeyaegesha ukutani. Unajisikia mzima kabisa wakati kitu ulichowekewa ndani kiko kwenye hali yake mbaya kuliko zote. Goti halikuambii chochote. Haliumi, halivimbi, linakuacha uende. Mimi nilipoelezwa hivyo na mtaalamu wangu wa mazoezi tiba niliogopa, na bado naamini kila mgonjwa anapaswa kuelezwa hivyo kabla hajaingia chumba cha upasuaji, kwa lugha anayoielewa, na watu wa nyumbani kwake wakiwepo. Maana wanaomharakisha mgonjwa kwa kawaida ni watu wanaompenda.

Mwanzoni ni kugumu, sitawaficha. Siku za kwanza ukishusha mguu kutoka kitandani damu inashuka nao, unahisi kama goti linataka kupasuka. Unajifunza kushusha polepole. Michubuko inateremka mpaka kwenye kifundo, mtu akiona anashtuka. Na pembeni ya kovu unaweza kubaki na sehemu yenye ganzi, kwa sababu mishipa midogo ya fahamu ya ngozi inapita hapo. Kwangu ipo mpaka leo.

Kwa anayeishi peke yake kama wengi wetu huku, shida kubwa ni mikono. Ukiwa na magongo mawili huna mkono wa kubeba kitu. Kikombe cha maji kutoka jikoni hadi kitandani kinakuwa mradi. Mimi nilitumia begi la mgongoni na chupa yenye kifuniko, na bafuni nikaweka kiti cha plastiki. Kwenye ngazi, mguu mzima unatangulia kupanda, ule mgonjwa unatangulia kushuka. Na hapa niwashukuru majirani zangu, watu ambao zamani tulisalimiana kwenye lango tu, wakawa wananiletea vitu bila kuombwa. Nyumbani ningezungukwa na ndugu. Huku nililia kidogo siku ya kwanza jirani alipogonga mlango.

Jambo la hatari la siku hizo ni damu kuganda mguuni. Ukiona kigimbi kimevimba, kina joto na kinauma, au ghafla unapumua kwa shida na kifua kinabana, usisubiri kesho. Nenda hospitali saa hiyohiyo. Vilevile homa, au goti kuwa jekundu na kutoa majimaji.

Watu wengi wanadhani kazi ya mwanzo ni kukunja goti. Kukunja kunakuja. Kinachotangulia ni kulinyoosha mpaka mwisho, lilingane na la upande wa pili. Goti lisiponyooka mapema, kovu linaweza kujijenga ndani kwa mbele na kulizuia, na wapo wanaorudishwa chumba cha upasuaji kwa ajili hiyo. Na mtu asiyenyoosha goti anachechemea hata nguvu zikirudi. Kwa hiyo mto usiwekwe chini ya goti, hata kama unaleta raha. Raha hiyo utailipia. Kunja taulo, liweke chini ya kisigino, goti libaki hewani lishuke lenyewe kwa uzito wake. Linauma, ndiyo. Unapumua, unahesabu, unakaa hapo.

La pili ni msuli wa mbele ya paja, na hili lilinishangaza kuliko yote. Unauangalia msuli wako mwenyewe, unauamuru ukaze, nao haukazi. Umelala tu. Si uvivu na si woga. Goti likivimba linatuma taarifa kwenye uti wa mgongo, na mwili unauzima ule msuli kulilinda goti. Ndiyo sababu wanasisitiza sana kupunguza uvimbe: barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, kuinua mguu, kutozidisha kutembea. Nilikaa nikikaza paja, nikikaza tena, mkono juu ya msuli nihisi kama umeitika. Siku ulipoitika nilimtumia dada ujumbe wa sauti nikipiga kelele kama nimefunga goli. Baadaye ndipo unainua mguu ukiwa umenyooka, kisha baiskeli isiyotembea, kisha kuchuchumaa nusu, kisha kushuka kidaraja kwa mguu mmoja.

Hakuna kati ya hayo kinachohitaji mashine ya gharama. Taulo, kiti, ngazi, ukuta. Kinachohitajika ni mtu anayejua kukuongoza, na wewe kufanya kila siku, hata siku ambazo huoni tofauti. Upasuaji ulikwisha kabla sijaamka. Mazoezi ndiyo yanayoendelea mpaka leo. Ila kama ulishonwa pia meniska, ile gegedu iliyo kati ya mifupa, ratiba yako inaweza kuwa tofauti kabisa, hasa kuukanyagia mguu na kuchuchumaa. Mfuate aliyekufanyia upasuaji, usinifuate mimi.

Kuna kijana ameniandikia kwamba ligamenti imekatika na hana uwezo wa kufanyiwa upasuaji, na amekata tamaa. Mdogo wangu, nisikilize. Mwaka 2010 watafiti wa Uswidi walichapisha matokeo ya vijana 121 wenye jeraha hili. Wengine walifanyiwa upasuaji mapema pamoja na mazoezi, wengine walianza na mazoezi, upasuaji ukibaki kama chaguo la baadaye iwapo goti litaendelea kuachia. Baada ya miaka 2, hali za magoti ya makundi hayo mawili hazikutofautiana kwa maana yoyote. Baada ya miaka 5, karibu nusu ya wale walioanza na mazoezi walikuwa bado hawajafanyiwa upasuaji huo. Simaanishi upasuaji hauna kazi. Mtu ambaye goti linamchomoka akitembea tu, au anayetaka kurudi kwenye michezo ya kugeukageuka, mara nyingi anauhitaji. Lakini anza mazoezi leo. Hata ukija kufanyiwa upasuaji, goti lililonyooka na lenye paja lenye nguvu kabla ya kisu hupona vizuri zaidi baada ya kisu.

Sasa lile swali lenu, lini narudi uwanjani. Beki Virgil van Dijk, akiwa Liverpool, aliumia ligamenti hiihii Oktoba 2020, akaonekana tena kwenye mechi za maandalizi Julai 2021. Alexia Putellas, akiwa mchezaji wa Barcelona, naye aliumia Julai 2022, siku chache kabla ya Euro ya wanawake, akarudi mwishoni mwa Aprili 2023. Hao wana wataalamu wanaowazunguka asubuhi hadi jioni, na bado ilikuwa takriban miezi 9 hadi 10. Utafiti wa mwaka 2016 uliofanyika Norwei uliona kwamba kila mwezi mtu anaosubiri zaidi baada ya upasuaji, mpaka kufikia mwezi wa 9, hatari ya kuumia goti tena ilishuka kwa karibu nusu. Na muda peke yake hautoshi. Unapimwa: nguvu ya paja ifike angalau asilimia 90 ya mguu wa pili, uruke kwa mguu mmoja, utue bila goti kuingia ndani. Ukifeli, unaendelea na mazoezi, hata kama kalenda inasema tayari.

Makocha, nawaomba kwa heshima zote. Kijana akiwaambia hajawa tayari, msimuulize kama anaogopa. Hofu yenyewe ni sehemu ya jeraha. Uchambuzi mmoja wa mwaka 2014 uliojumlisha tafiti nyingi za waliofanyiwa upasuaji huu uligundua kwamba waliorudi kwenye michezo ya aina yoyote ni asilimia 81, lakini waliorudi kwenye kiwango chao cha zamani ni 65, na waliorudi kwenye mashindano ni 55 tu. Wengine walizuiwa na kichwa, goti likiwa limeruhusu. Mimi mwenyewe naweza kushuka ngazi bila kufikiri, lakini nikiona sakafu yenye maji mwili mzima unakakamaa. Ninalifanyia kazi hilo sawasawa na ninavyolifanyia kazi paja.

Na kwa timu za wasichana hasa, kwa sababu wao wanaumia ligamenti hii mara nyingi kuliko wavulana katika michezo ileile: upo mpango wa kupasha mwili unaoitwa FIFA 11+. Unachukua kama dakika 20, mpira na uwanja vinatosha, na maelezo yake yanapatikana bure. Una kukimbia, kusawazisha mwili, nguvu za paja, na namna ya kuruka na kutua. Mipango ya namna hii ikifanywa mara 2 au zaidi kwa wiki, msimu mzima, inapunguza kweli majeraha haya. Msiuache siku mnapochelewa kuanza mazoezi, maana ndiyo siku unaachwa kila mahali.

Mimi kwa sasa niko kwenye kuruka kwa miguu miwili na kutua kimya, mbele ya kioo, nikiangalia goti lisilale ndani. Kukimbia nimeruhusiwa kwa vipande: dakika chache, natembea, dakika chache tena, na kesho yake naangalia kama limevimba. Likivimba narudi hatua moja nyuma.

Video ijayo nitawawekea mazoezi ya kunyoosha goti na ya kuamsha paja, polepole, kwa pande zote mbili, ili hata asiye na mtaalamu karibu aone yanavyofanyika kabla hajaenda kumtafuta. Aliyepita njia hii aniandikie hapo chini alivyofanya, hasa nyinyi mliofanya bila upasuaji, nataka sana kuwasikia. Na yule mdogo wangu aliyekata tamaa, niandikie tena uniambie kama goti lako linanyooka lote. Tuanzie hapo.