Eskaveta inawaka lakini haipandi resi: pima waya mbili kabla ya kununua kompyuta

Assalaam aleikum ndugu zangu, karibuni. Leo niko Gongoni, kaskazini ya Malindi, kwenye mashamba ya chumvi. Hii nyuma yangu ni eskaveta ya mtumba, tani 20. Inawaka vizuri. Sasa sikilizeni opereta akizungusha swichi ya resi. Mmesikia? Sauti ya injini ni ile ile, mkono unapanda kwa kujivuta, na skrini inasema mawasiliano yamekatika. Mwenye mashine ameshaambiwa anunue kompyuta ya injini. Nimemwomba anipe asubuhi hii moja kabla hajatoa pesa.

Swichi ya resi haishiki injini moja kwa moja. Inapeleka habari kwa kompyuta ya mashine, nayo inaiambia kompyuta ya injini kupitia waya mbili zilizosokotwa pamoja. Mfumo huo unaitwa CAN. Bosch waliutangaza mwaka 1986, na mashine nzito nyingi huutumia kwa utaratibu wa mawasiliano uitwao J1939. Moja ni CAN ya juu, nyingine CAN ya chini. Mara nyingi utakuta ya juu ni njano na ya chini ni kijani, ila kwenye mtumba rangi usiiamini, hujui nani alipita hapo kabla yako. Habari isipofika, injini hubaki kwenye mzunguko wa chini.

Tuanze. Shusha ndoo mpaka iguse ardhi, funga wenzo wa usalama, zima injini.

Kwanza betri. Mashine hii ni ya volti 24, betri mbili za 12 zimeunganishwa kwa mfuatano. Pima kila moja peke yake, halafu kaza vichwa na waya ya bodi, yaani ile hasi inayofungwa kwenye chuma cha mashine. Umeme ukiwa dhaifu kompyuta hutoa makosa ya uongo, na utashinda juani ukitafuta kisichokuwepo.

Pili, washa swichi ya ufunguo, soma kodi zote, yaani namba za makosa, na uziandike kwenye karatasi kabla ya kufuta hata moja. Angalia nani anamlalamikia nani. Kompyuta zote zikiilalamikia moja tu, nenda kwa hiyo: fyuzi yake, umeme wake, waya yake ya bodi. Zikilalamikiana zote, shaka iko kwenye waya. Ndani ya kodi kuna namba ya FMI, inayotaja aina ya kosa. Ikiwa 9, ujumbe hauji kwa wakati wake. Ikiwa 19, ujumbe unafika ukiwa na kosa. Hapa kwetu zinalalamikiana zote.

Tatu, na hapa sogeza kamera. Hii ni soketi ya duara ya uchunguzi, pini 9. A ni bodi, B ni umeme wa betri, C ni CAN ya juu, D ni CAN ya chini. Mashine yako ikiwa na soketi ya aina nyingine, fuata mchoro wake, usibahatishe. Zima swichi, ngoja dakika chache kompyuta zilale, kisha zima swichi kuu ya betri. Weka multimita kwenye omu, kipimo cha ukinzani wa umeme, ncha moja C, nyingine D.

Inatakiwa 60. Kila mwisho wa laini kuna resista, kifaa kidogo cha kukinza umeme, ya omu 120, na mbili zikiwa sambamba zinatoa 60. Ukipata 120, resista moja imepotea au waya imekatika njiani. Ukipata karibu na sifuri, waya mbili zimegusana. Ukipata kama 40, kuna resista ya tatu, na kwenye mtumba mimi huuliza moja kwa moja: nani alifunga kifaa cha kufuatilia mashine? Jambo moja la kuangalia: kwenye baadhi ya mashine resista iko ndani ya kompyuta yenyewe, kwa hiyo ukiichomoa kompyuta, kusoma 120 ni sawa.

Sisi tumepata 120. Tunagawa laini katikati. Nachomoa plagi iliyo chini ya kabini na kupima kila upande. Upande mzima utaonyesha 120 yake. Upande wa skrini, 120. Upande wa injini, hakuna kitu. Kosa liko huku.

Miaka ya nyuma nilimshauri mzee mmoja wa Lamu anunue kompyuta. Alikopa, tukaifunga, na kosa likabaki pale pale. Ilikuwa waya iliyochunika chini ya kiti. Uso wake siku ile bado ninao. Ndiyo maana nasisitiza hii mita.

Sasa fuata mkungu wa waya kwa mkono, taratibu, huku mwenzako akitazama multimita. Tikisa kila kona na kila plagi. Hapa, nyuma ya pampu: muone hii pini. Imevaa unga wa kijani, na nikiivuta kidogo waya inabaki mkononi mwangu. Upepo wa kusi hapa unabeba chumvi, na muhuri wa plagi hii ulishapasuka.

Usiunge hapo hapo. Nachuna ganda: shaba nyeusi. Nakata tena: bado nyeusi. Chumvi hutambaa ndani ya ganda, kwa hiyo kata mpaka shaba ing'ae. Weka pini mpya na muhuri mpya, ibane kwa koleo lake, na pale penye kiungo vuta mpira unaonywea kwa joto, wenye gundi ndani. Zisokote waya tena mpaka karibu kabisa na plagi, kwa sababu msokoto ndio unaozuia makelele ya umeme. Na usitoboe ganda kwa sindano ya mita, kitundu kile ni mlango wa chumvi.

Pima tena C na D: 60. Sasa rudisha umeme. C kwa bodi tunapata volti 2.6, D kwa bodi 2.4. Zikijumlishwa zinakaribia 5, ni sawa. Ungekuta 24 kwenye mojawapo, ingekuwa imegusa waya ya umeme mahali.

Futa kodi. Bwana opereta, washa, zungusha resi.

Sikilizeni hiyo. Sasa azungushe kabini pande zote mbili, ainue mkono mpaka juu, achimbe kwa nusu saa mashine ipate moto, kisha tusome kodi upya kabla sijafunga vifuniko.